Mchele wa Pande Mbili: Kutoka Iftin Hadi Takaba

Sababu ya kwenda Takaba ilikuwa maji. Mambo ya mchele yalikuja baadaye. Dada yangu Shamsa anafuga mbuzi huko, na tangu vile vita vya kisima mifugo yake haijakanyaga kisima cha karibu. Huwapeleka cha mbali. Siku nzima inaishia njiani, na vitoto vingine havirudi. Sasa akanipigia simu akasema wazee wa pande mbili wamekubaliana. Injini imetengenezwa, bomba linatoa maji, na kisima kitakuwa cha wote. Limebaki jambo moja tu: wote waliopigana siku ile na bado wako hai wale kutoka sinia moja. Mmoja akikataa, kufuli linabaki kwenye bomba.

"Na wewe ni mmoja wao," Shamsa akasema.

"Na Osman Gurey?"

"Naye ni mmoja."



Wacha niwaeleze wazi, maana wengi wenu hapa mtaa wa Iftin, Garissa, mnanijua kwa sufuria zangu tu. Osman Gurey ndiye aliyenipiga risasi ya nyonga, ndiyo sababu mnaniona nikitembea hivi. Ndiye aliyemuua mdogo wetu Ibrahim, siku hiyohiyo, karibu na mimi kiasi cha kumsikia akianguka. Simtaji kwa kusikia. Niliona. Lakini kabla ya Osman kuna mwingine, naye ni Birik Dubow, aliyekuwa mwenyekiti wa kamati ya kisima. Birik aliuza dizeli ya injini wakati wa ukame. Maji yalipopungua akaanza kuwafungia hawa na kuwafungulia wale. Watu wenye kiu walipokutana pale hakukuwa na mazungumzo tena. Na msidhani Birik alikuwa wa upande wa kina Osman. Birik ni wetu, babu yetu ni mmoja. Siku ya risasi yeye alikuwa mjini, anakunywa chai.

Nilipotoka hospitali sikurudi kuchunga. Mtu wa mguu mmoja na nusu hafuati ngamia. Nilikuja Garissa, nikaosha masufuria kwenye hoteli ya watu, polepole nikaruhusiwa kushika mwiko. Kwa hiyo mkila wali wangu kwenye arusi, mjue walionipeleka chuo cha upishi ni Osman na Birik. Shule ya kawaida niliiacha darasa la nne.

Nikamwambia Shamsa, "Nitakuja. Lakini nitakuja kama mpishi."

Alielewa palepale. Kwetu mpishi wa karamu haketi na wageni. Anapakua, anasimamia, anaongeza supu, na watu wakishanawa mikono ndipo anakula kilichobaki jikoni. Hakuna wa kumlaumu kwa hilo. Ningekuwa pale, na nisingekuwa pale.

"Njoo hivyohivyo," akasema. "Bora uje."

Garissa, sokoni. Nilianzia kwa Maryan, muuza mchele, ambaye magunia yake yamepangwa mlangoni, midomo wazi, kila moja na kikombe chake cha kupimia. Watu wengi huingia pale wakasema "nipe mchele," kama vile mtu anaingia duka la dawa akasema "nipe dawa". Mchele una kazi zake.

Pishori wa Mwea unausikia kwa pua kabla ya kuuona. Huo ni wa nyumbani, wa watu wachache. Pika wali mweupe, au wa nazi kama umejifunza kwa watu wa pwani. Hautaki viungo vingi, ukiujaza hawaji, yaani viungo vyetu vya kutwanga, utakuwa umeua harufu uliyoinunua. Na hautaki sufuria kubwa, kwa sababu punje ni laini, za juu zinazilemea za chini, na chini kunakuwa uji. Sindano ni mkavu, hauna harufu, lakini hauna ukorofi. Ndio mnaokula mchana hotelini bila kuuliza, na ukikutana na maharagwe au sukuma wiki unakaa vizuri. Mchele wa Bura, wa hapa kwetu mtoni, una vumbi na vijiwe. Ukiuosha kwa subira ukausaga, unatoa vitumbua na uji mzito. Chenga, yaani zile punje zilizovunjika, watu huzidharau, na ndizo zinazomlisha mgonjwa na mama aliyetoka kujifungua. Basmati mrefu wa kutoka ng'ambo ni wa biriani. Unauchemsha peke yake, unamwaga maji kabla haujaiva kabisa, halafu unaupanga juu ya nyama.

Halafu kuna sela. Rangi yake ni ya manjano, kwa sababu huchemshwa ukiwa bado na ganda, ukakaushwa, ndipo ukakobolewa. Punje ngumu kama kucha. Lazima uuloweke mapema, na hata ukiupika kwenye sufuria ya kuingia mtu, kila punje itatoka peke yake. Arusi zote mlizokula kwangu, mlikula sela.

"Unawapelekea sela watu waliokupiga risasi?" Maryan akaniuliza, anafunga gunia. "Mimi ningewapelekea chenga zenye mawe."

"Mawe yatavunja na meno ya dada yangu."

"Basi chukua na pishori kidogo. Harufu yake inalainisha watu."

"Pishori wako umechanganywa na sindano, Maryan. Nusu inanukia, nusu imenyamaza."

Alicheka, hakukataa. "Si mimi. Ni Jelle, ananiletea hivyo hivyo kwenye lori."

Basi jina lake limo humu: Jelle. Mkinunua pishori usionukia, mjue uchawi unatoka wapi.

Alfajiri, baada ya swala, niliondoka Garissa na lori la bidhaa. Dereva alikuwa Njeru, kijana wa kutoka upande wa Mwea, mwenye kofia ya sufu ambayo hakuivua hata jua lilipopanda. Nilikaa mbele naye kwa sababu ya mguu. Magunia yangu na masufuria yalikuwa nyuma, kati ya sabuni na unga.

"Walalo, unahama?" akaniuliza alipoona masufuria, kwa neno alilolishika kwetu la kumwita mtu ndugu.

"Naenda kupika."

"Huko kwenu hakuna wanaopika?"

"Wapo. Hawana sababu ya kunitafuta Garissa, ila wamenitafuta."

Barabara inakwenda kaskazini, mji ukiisha unaisha kabisa, unabaki na vichaka vya migunga na mchanga mwekundu. Kwenye vizuizi vya polisi nilitoa kitambulisho, nikarudisha, nikatoa tena. Njeru hakuombwa chochote. Alianza kuona haya kwa niaba yao, akazima redio.

Modogashe, saa ya chakula. Tuliingia hoteli ya mabati, tukaletewa wali wa sindano na nyama ya mbuzi, na ndizi mbivu pembeni ya sahani. Njeru akaisukuma ndizi yake kando, akingoja kumaliza kula.

"Hiyo unakula pamoja na wali," nikamwambia.

"Ndizi? Na mchuzi?"

"Unakata kidogo, unaweka na tonge."

Alijaribu, akatafuna kama mtu anayesikiliza. "Sio mbaya," akasema. "Lakini nikimwambia mama ataniombea."

Akanieleza kwamba mama yake analima pishori kwenye mashamba ya maji. Anapanda akiwa ameinama, miguu ndani ya maji hadi karibu na goti, kuanzia asubuhi mpaka jioni, na magoti yamemharibikia. Mpunga wenyewe unasimama ndani ya maji wiki kwa wiki.

"Maji yanakaa tu shambani?" nikamuuliza.

"Yanakaa. Yakizidi tunayatoa."

Nilimwomba arudie. Yanakaa tu, na yakizidi yanatolewa. Nimepika mchele miaka yote hii na sikuwahi kujua hivyo. Kwetu ndugu yangu alikufa ameshika jerikeni. Sikumwambia Njeru hilo wakati ule, maana hakuwa amekosa lolote, na nyama ilikuwa nzuri.

Jioni, Wajir. Njeru alikuwa anaishia hapo. Aliniteremshia mizigo yangu mwenyewe, akakataa kusaidiwa, akaniambia nikirudi Garissa nimtafute anipe pishori wa shambani kwao usiopita kwa Jelle. Nilikuwa nimemsimulia habari za Jelle njia nzima.

Nililala kwa mama yangu mdogo, Habaryar Dekha. Kwetu mama mdogo unamwita habaryar, naye hukuita habaryar vilevile, hata ukiwa na mvi. Alikuwa ameweka ambuulo motoni: maharagwe madogo mekundu yaliyochemka mchana kutwa, chenga zikatiwa mwishoni, kisha sukari na mafuta ya simsim juu. Ni chakula cha jioni, chepesi kwa mfuko na kizito kwa tumbo. Chenga ndizo zinazoyashika yale maharagwe pamoja. Ukiweka mchele mzuri wenye punje nzima, kila kimoja kinakwenda njia yake.

Nilitaka kumsaidia nikachukua chumvi.

"Habaryar, weka hiyo chini," akasema. "Umekaa Garissa ukasahau maji yetu."

Kweli nilikuwa nimesahau. Maji ya visima vya Wajir yana chumvi yake tayari. Mgeni akipika wali hapa akatia chumvi kama alivyozoea, anautoa wote kwa mbuzi, nao mbuzi wanamtazama.

Tulikula. Kisha akaniuliza, "Utakula naye?"

"Mimi naenda kama mpishi."

"Sikukuuliza kazi yako."

Nikainuka kukusanya vyombo. Yeye ndiye aliyemwosha mama yetu alipofariki, mwaka mmoja baada ya Ibrahim. Ana haki ya kuuliza.

Kesho yake nilipanda gari la wafanyabiashara, tukapitia Elwak, tukakata kuelekea magharibi. Barabara pale ni kuamua tu. Dereva anachagua alama za magurudumu anazoziamini. Nyonga yangu ilikuwa inanihesabia kila shimo. Karibu na Takaba ardhi inaanza kuwa na mawe na vilima, na nikaanza kutambua miti. Kuna mahali pa kukunja kushoto kwenda kisimani. Niligeuza uso upande wa pili hadi tukapita.

Shamsa alinipokea kwenye uwanja wa maduka. Amekonda. Alishika mkono wangu na gunia kwa pamoja, akalibeba gunia kichwani kabla sijasema kitu.

"Walaal, umenenepa," akasema.

"Naonja kazini."

"Basi kesho uonje vizuri."

Takaba, siku ya karamu. Jiko lilikuwa kando ya kisima, mawe matatu makubwa na sufuria kubwa niliyoitoa Garissa. Mbuzi walikuwa wamechinjwa na dume moja changa la ngamia. Turubai lilikuwa limefungwa kwenye miti, mikeka chini yake. Bomba lilikuwa na kufuli, na mifugo ya pande mbili ilikuwa imesimama mbali, kila kundi na wachungaji wake, wanatazama.

Nilikuwa nimeshaloweka sela tangu alfajiri. Ndipo akaja Mzee Shuriye, msemaji wa wazee wote wa suluhu, na nyuma yake vijana wawili wamebeba gunia. Nililitambua kwa pua. Pishori halisi, haujachanganywa na chochote.

"Huu ni wa upande wa pili, adeer," akasema. Adeer ni baba mdogo, naye ananiita hivyohivyo. "Osman ameuza beberu, akauagiza kutoka Wajir. Utapikwa pamoja na wa kwako."

"Sufuria ninazo mbili, adeer."

"Sufuria moja."

"Adeer, hii ni michele miwili tofauti. Wa kwangu ukianza kuiva, huo utakuwa umeshakuwa uji."

"Sisi tulikaa kikao tukakubaliana sufuria moja," Mzee Shuriye akasema. "Hatukuzungumzia uji."

Akaenda zake. Nikabaki na magunia mawili na hasira moja. Osman huyo hata mchele hajui. Amekwenda kuuza beberu anunue mchele wa nyumbani apikie mji. Na nilikuwa na nafasi nzuri, nawaambia ukweli. Ningemwaga yote pamoja, nikakoroga, nikawapakulia matope, nikasema niliwaonya. Kila mtu angekula matope ya Osman. Nilishika kile kikombe cha pishori muda mrefu. Shamsa alikuwa anakatakata vitunguu karibu na mimi, hakuniangalia, lakini kisu chake kilikuwa kimesimama.

"Leta vitunguu," nikamwambia. Kisu kikaendelea.

Nilivikaanga kwenye mafuta ya nundu ya ngamia mpaka vikawa rangi ya chai nzito. Nikatia hawaji: jira, giligilani, iliki, karafuu, mdalasini na manjano, vyote vilivyokaangwa kidogo na kutwangwa. Nikamimina supu ya nyama. Ilipochemka nikatia sela peke yake. Pishori niliuosha tu, sikuuloweka. Nikangoja. Sela ulipokunywa supu kiasi cha kutoa vitundu juu, kama vitundu vya anjera, zile chapati zetu laini, nikautandaza pishori juu yake, tabaka moja, nikaunyunyizia supu moto, sikukoroga. Nikavuta kuni zote, nikabakisha makaa chini, na makaa mengine nikayaweka juu ya kifuniko. Baada ya hapo kazi ya mpishi ni kuzuia watu wasifunue.

Nilipofunua mwenyewe, harufu ilikwenda hadi kwa mifugo. Wa chini ulikuwa umesimama, wa juu haukuvunjika. Sufuria moja, kama walivyotaka.

Nilipakua kwenye masinia, nikichota kutoka katikati ili kila sinia lipate michele yote miwili, nyama juu. Sinia la mwisho nililipeleka mbele ya Mzee Shuriye. Pale walikuwa wameketi wale wa siku ile, wa kwao na wa kwetu, mvi na makovu. Osman Gurey alikuwa mmoja wao. Sikumtazama usoni, nilitazama miguu. Kulikuwa na nafasi tupu.

"Keti, adeer," Mzee Shuriye akasema.

"Mpishi hula mwisho, adeer. Wageni wakishamaliza."

Hakunilazimisha. Desturi ni yake kuliko yangu. Nikarudi jikoni.

Lakini hakuna aliyeingiza mkono. Mzee Shuriye hakusema bismillahi, na asiposema yeye nani ataanza? Mpishi anangoja wageni, wageni wanamngoja mpishi. Wali ukaanza kupoa. Upande wa wanawake watoto wakaanza kulia. Kijana mmoja wa kwetu akasema kwa sauti ya kusikika, "Hata bibi arusi hachelewi hivi," wakacheka kidogo. Mbuzi mmoja akapiga kelele kule mbali. Nilijishughulisha na makaa ambayo hayakuwa na haja na mimi.

Ndipo nikasikia viatu vya mpira. Osman alikuwa amesimama upande wa pili wa sufuria. Amezeeka kuliko nilivyotaka. Nilikuwa nimemweka kichwani miaka yote akiwa kijana.

"Assalamu alaykum."

Salamu ni lazima kuijibu. Nikaijibu.

"Nasikia mpishi hula mwisho," akasema.

"Ndiyo."

"Na aliyeleta mchele?"

"Huyo hakai jikoni."

"Mimi nitakaa." Akachuchumaa palepale, kwenye majivu.

 Kisha nikamwambia lile nililotoka nalo Garissa, na kabla ya Garissa.

"Ibrahim alikuwa hajaanza kunyoa."

"Najua. Jina lake nalitaja kila swala."

"Hilo halinisaidii."

"Sikusema linakusaidia."

"Alikuwa ameshika jerikeni."

 "Jerikeni niliiona baadaye," akasema.

Ubavuni mwa sufuria kulikuwa kumebaki wali, tabaka mbili kama zilivyolala, na chini ukoko wa sela umekauka rangi ya kahawia. Osman aliingiza mkono, akabandua ukoko. Gurey ni mtu wa mkono wa kushoto, jina lenyewe ndilo linasema hivyo, lakini adabu inamtaka ale kwa wa kulia, na wa kulia hauna ujuzi. Punje zilimwangukia magotini kama mtoto. Ule wa kushoto, ambao naujua, ulikuwa umelala tu juu ya goti.

"Huu wa manjano ndio wako?"

"Ndio."

"Mgumu."

"Meno yako ndiyo machache."

"Yamebaki ya mbele." Akaendelea kutafuna. "Na wangu umekuwaje?"

Hapo nikatambua kwamba sikuuonja. Supu nilionja, nyama nilionja, sela nilionja. Wa kwake niliupika kwa macho na pua tu, na mpishi hawezi kusema kitu juu ya chakula ambacho hakijafika ulimini. Alikuwa ananitazama anangoja jibu. Nikachota kwa vidole kutoka juu, upande wangu, nikala.

"Mzuri," nikamwambia. "Lakini si wa karamu. Huu ni wa nyumbani kwako, wewe na mke wako."

"Niliambiwa ndio wa bei ya juu."

"Waliokuambia wanajua bei tu."

Nikachota tena. Sikuwa nimeamua kitu. Nilikuwa na njaa, nimesimama motoni tangu asubuhi. Nyuma yangu nikasikia Mzee Shuriye akisema bismillahi, kwa sauti ya mtu aliyeibana muda mrefu, na mikono yote ikaingia kwenye masinia kwa pamoja.

Tulimaliza kilichokuwa ubavuni. Osman akanawa, akasema alhamdulillahi, akaondoka. Hakuniomba msamaha, na mimi sikumpa. Hakuna aliyetuuliza hilo. Walitaka tule.

Alasiri kufuli likafunguliwa. Walianza mbuzi wa Shamsa, kwa sababu ndio waliokuwa dhaifu zaidi. Walikunywa bila kuinua vichwa. Shamsa alisimama kati yao, anawagusa mgongoni mmoja mmoja.

Nilimfuata Mzee Shuriye. "Adeer, Birik Dubow yuko wapi?"

"Birik hakupigana, adeer."

"Ndiyo maana nauliza."

Aliomba aletewe chai. Wa kwetu waliokuwa karibu wakaanza kuzungumza habari za mvua. Basi nauliza hapa tena, mbele ya wasomaji: Birik yuko wapi? Ana nyumba ya ghorofa, na Ijumaa anakaa safu ya mbele. Wazee walitengeneza sinia la watu waliokamata bunduki. La aliyeuza dizeli hawajalitengeneza.

Kurudi kulikuwa kufupi, au mimi ndiye sikutazama njia. Wajir nilikunywa chai kwa Habaryar Dekha. Aliuliza, "Ulikula?" Nikasema nilikula. Akaniongezea maziwa ya ngamia kwenye kikombe, akazungumza habari za watoto wake. Njeru sikumpata. Nilipofika Iftin nilikuwa na mchanga hadi ndani ya masikio.

Nimejifunza nini? Juu ya mchele, kwamba pishori na sela vinaweza kuiva sufuria moja, ila lazima mmoja uanze mapema na mwingine usikorogwe. Sishauri mtu ajaribu bila sababu. Juu ya mengine, kwamba nilikuwa naogopa nikila na Osman nitamsahau Ibrahim. Sikumsahau. Nimekula, na bado naweza kuwatajia majina yote mawili bila kuyumba.

Baada ya kama mwezi hivi Shamsa akapiga simu. Mbuzi wamezaa, vitoto vinasimama. Akaniambia hayo yote kwanza.

"Osman alipita kisimani," akasema. "Pishori wa lile gunia ulibaki kidogo. Mke wake anaupika kila mara unakuwa uji. Osman ananiomba nikuulize, maji yanawekwa kiasi gani."

Nilikuwa nachambua iliki. Nikachambua kadhaa.

"Mwambie aweke kidole juu ya mchele," nikasema. "Maji yafike kiungo cha kwanza, yasipite. Afunike, asikoroge."

"Kidole kipi? Ataniuliza."

"Chochote. Na kama bado hajaelewa, mpe namba yangu, anipigie mwenyewe."